Kioski cha Kimori cha Linderhof: Pambo la Bustani na Njia Lililopitia

Kusini mwa Bavaria, nchini Ujerumani, katika bonde la Graswang karibu na kijiji cha Ettal, kuna kasri dogo liitwalo Linderhof, ambalo Mfalme Ludwig wa Pili alianza kulijenga mwaka 1870. Bustani yake imepanda mlimani pande zote, na katika mteremko mmojawapo pamesimama kijumba cha pembe nne chenye kuba lililopakwa dhahabu katikati na kijinara katika kila pembe. Hicho ndicho Kioski cha Kimori. Ndani ya bustani hiyohiyo ipo pia Nyumba ya Kimoroko, isiyotajwa sana na wageni. Mfalme alivinunua vyote viwili, viwili vikiwa vimetoka katika maonyesho ya kimataifa, na vyote viwili vilikuwa mali yake alipofariki tarehe 13 Juni 1886. Baada ya kifo hicho kimoja kilibaki mahali pake na kingine kikauzwa, kikapelekwa kwenye bustani ya mtu binafsi, kikakaa huko karibu karne nzima. Kilichobaki ni kile kilichobuniwa na Mjerumani. Kilichoondolewa ni kile kilichotoka Moroko.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nikichambue kisa hiki kwa urefu. Mtu yeyote anayetazama taa ya shaba yenye matundu, meza ya pembe nane, birika la marumaru au kibanda cha chuma cha kusubu, vitu ambavyo minada ya Ulaya na Marekani huviuza kila mwaka kwa jina la mtindo wa Kimori, anakutana na swali lilelile lililowakuta warithi wa Linderhof: hiki ni kitu cha Wamori, au ni kitu cha Wazungu kuhusu Wamori? Wamori ni jina ambalo Ulaya iliwapa Waislamu wa Andalusia na wa Afrika ya Kaskazini-Magharibi, Waarabu na Waberberi pamoja, ambao utawala wao wa mwisho katika Hispania ulikuwa Granada hadi mwaka 1492. Nalo neno kioski, ambalo kwetu leo ni kibanda cha kuuzia soda na vocha, lilitoka kwa Waajemi na Waturuki, na kwao lilimaanisha jumba dogo la wazi la kupumzikia bustanini. Maana hiyo ya kwanza ndiyo inayohusika hapa.

Kisa kinaanzia mbali na Bavaria, kwenye kilima cha Alhambra. Mwaka 1834 wasanifu majengo wawili vijana, Mwingereza Owen Jones na Mfaransa Jules Goury, walifika Granada kupima na kuchora majumba ya masultani wa ukoo wa Nasri. Goury alifariki hukohuko kwa kipindupindu mwaka uleule. Jones alirudi tena mwaka 1837, na kati ya 1842 na 1845 akachapisha michoro yao kwa rangi, kazi iliyomgharimu mali nyingi lakini iliyoiweka Alhambra mezani kwa kila msanifu wa Ulaya aliyetaka kuiiga bila kupanda meli. Mwaka 1854 Jones mwenyewe alijenga ndani ya Crystal Palace, jumba la vioo la maonyesho huko Sydenham, London, nakala ya Ua wa Simba pamoja na chemchemi yake. Wakati huohuo, mjini Stuttgart, Mfalme Wilhelm wa Kwanza wa Württemberg alikuwa akijengewa na Karl Ludwig von Zanth bustani nzima ya mtindo huo, Wilhelma, yenye matao, nyumba za vioo na nguzo za chuma cha kusubu.

Karl von Diebitsch, aliyebuni kioski chetu, ni mtoto wa wimbi hilo. Alizaliwa mwaka 1819 mjini Liegnitz, akaenda Hispania mwishoni mwa miaka ya 1840, akakaa Alhambra akichora kwa miezi kadhaa, kisha akarudi Berlin akiwa ameamua kwamba mtindo huo ndio kazi ya maisha yake. Alijijengea nyumba ya Kimori mjini Berlin katika miaka ya 1850. Alichokiona mapema kuliko wengi ni kwamba nakshi za Granada zilifaa kiwanda. Na hapa lazima tuwe waadilifu kabla ya kumlaumu. Pambo la ukuta wa Alhambra limejengwa juu ya kipimo kinachojirudia: nyota moja hutoa nyota inayofuata, jani hushika jani, na macho hayapati mahali pa kusimama. Mafundi wa Granada wenyewe, katika karne ya 14, hawakuchonga kila kipande kwa mkono. Walitumia kalibu kumwaga jasi na kuzalisha bamba zinazofanana, kisha wakazipanga ukutani na kuzitia rangi. Kwa hiyo anayesema kwamba kalibu pekee ndiyo iliyoua roho ya mtindo huo anasahau kwamba kalibu ilikuwemo tangu nyumbani kwake. Tofauti iko kwingine, na nitaifikia.

Berlin ya wakati wa Diebitsch ilikuwa na kipaji maalumu cha kutengeneza mapambo ya bustani kwa zinki. Zinki ilichimbwa kwa wingi Silesia ya Juu (leo sehemu kubwa yake iko Poland), na tangu miaka ya 1830 kiwanda cha Moritz Geiss kilionyesha kwamba metali hiyo, ambayo huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 420 za Selsiasi wakati chuma huhitaji zaidi ya 1,100, ingeweza kusubiwa kwa kalibu jepesi ikatoa sanamu, vyungu vya maua, taji za nguzo na vinyago vya chemchemi kwa bei ambayo shaba nyeusi haikuifikia kamwe. Vipande vilisubiwa kimoja kimoja, vikaunganishwa kwa lehemu, vikapakwa rangi ya jiwe, ya shaba au ya dhahabu. Aliyenunua alipata kitu kilichofanana na urithi wa karne nyingi, nacho kilikuwa kimetoka kiwandani miezi michache tu iliyopita. Diebitsch alifanya kazi kwa kufuata fikra hiyohiyo: sehemu zinatengenezwa mbali, zinahesabiwa, zinafungashwa, zinasafirishwa, zinafungwa na kukazwa mahali popote. Alipopata kazi kwa Khedive Ismail, mtawala wa Misri, kwenye jumba la Gezira mjini Cairo, chuma cha matao yake kilisubiwa Lauchhammer, Ujerumani, kikavuka bahari. Nakshi zilizotoka Granada zikapita kiwandani Prussia, dola ya Kijerumani yenye makao yake Berlin, zikafika ukingoni mwa Nile, katika jumba lililoandaliwa kuwapokea wageni wa ufunguzi wa Mfereji wa Suez, Novemba 1869. Diebitsch hakuuona ufunguzi huo. Alifariki Cairo miezi michache kabla.

Kioski alikibuni kwa Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka 1867, kikawa sehemu ya mchango wa Prussia. Uwanja wa Champ de Mars mwaka ule ulijaa majengo ya Mashariki na ya Kaskazini mwa Afrika: Misri ilikuwa na yake, Tunis ilikuwa na nakala ya kasri la Bey, yaani mtawala wake, lililoko Bardo. Prussia ilipeleka pia mizinga ya kiwanda cha Krupp. Kwa hiyo mgeni wa maonyesho hayo angeweza kuona, ndani ya siku moja, kile ambacho watawala wa Kiislamu walikuwa wanasema kuhusu majumba yao na kile ambacho fundi wa Berlin alikuwa anasema kuhusu majumba hayohayo. Bei na wanunuzi vilikuwepo kwa vyote. Nakala ya Bardo ilichukuliwa na jiji la Paris, ikahamishiwa kwenye bustani ya Montsouris, ikatumika kama kituo cha kupimia hali ya hewa, ikachakaa, na mwaka 1991 ikateketea kwa moto. Hatima hiyo inafaa kukumbukwa: majengo ya maonyesho hayajengwi ili yadumu, na yanayodumu hudumu kwa sababu kuna mtu aliyeyapenda kupita kiasi.

Mfalme Ludwig alikuwa Paris mwezi Julai mwaka huo, kijana wa miaka 21. Alikitamani kioski, lakini aliyekipata ni Bethel Henry Strousberg, tajiri wa reli ambaye wakati huo alikuwa anajulikana kama mfalme wa reli wa Ujerumani. Kikapelekwa Bohemia, katika Cheki ya leo, kwenye kasri lake la Zbirow. Hakuna haja ya kukaa sana hapa. Strousberg alijenga utajiri wake juu ya mikopo ya reli, biashara ya reli za Romania ikamponza, na mwaka 1875 akafilisika. Mali zake ziliuzwa, na mwaka 1876 Ludwig akapata alichokikosa miaka 9 iliyopita. Nalitaja hili kwa sababu mapambo mengi ya bustani ya karne ile yalitembea kwa njia hiyo: hayakuhama kwa sababu mtu alihitaji pambo, yalihama kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshindwa kulipa madeni.

Lililofuata ndilo kiini cha kisa. Ludwig hakukisimamisha kioski kama alivyokipata. Msanifu wake, Georg Dollmann, aliongeza sehemu ya nyuma yenye umbo la nusu duara ili pawe na mahali pa kuweka kiti cha enzi, na mwaka 1877 kiti hicho kikawekwa. Inafaa kukitazama kwa karibu. Kina umbo la kochi refu la kukunja nusu duara, limevikwa hariri, na juu ya mgongo wake wamesimama tausi watatu wenye ukubwa kama wa tausi hai, walioundwa kwa metali iliyosubiwa na kupakwa enameli ya buluu na kijani katika karakana ya Le Blanc-Granger mjini Paris, kwa michoro ya Franz Seitz. Mikia yao imefunguka nyuma yao kama feni, na katika macho ya manyoya yamepachikwa vipande vya kioo cha Bohemia vilivyochongwa ili vishike mwanga. Mbele ya kiti kuna chemchemi ya marumaru, juu zinaning'inia taa za vioo vya rangi, madirisha nayo ni ya rangi, na pembeni zimewekwa meza ndogo za kahawa. Mwanga wa mchana ukiingia kupitia vioo hivyo, sakafu na nguzo nyembamba hupata rangi ambazo hazikupakwa na fundi yeyote.

Ni pazuri. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu uchambuzi unaoanza kwa kudharau uzuri wa kitu hauwezi kukieleza. Lakini hebu tuhesabu kilichomo. Matao yenye meno na nguzo nyembamba ni ya Granada. Kiti cha tausi si cha Wamori hata kidogo; wazo lake ni la Delhi, la kiti cha Shah Jahan ambacho Nadir Shah wa Uajemi alikiteka mwaka 1739, na hakuna sultani wa Granada aliyekalia kitu cha namna hiyo. Enameli ni ya Paris, kioo ni cha Bohemia, desturi ya kahawa juu ya meza ndogo ni ya Waturuki, na Alhambra ilikwisha kuanguka kabla kahawa haijafika kwenye majumba ya Mediterania. Ludwig hakuwa anakusanya ushahidi wa ustaarabu mmoja. Alikuwa tayari na kioski kingine cha Kimori ndani ya bustani yake ya vioo, juu ya paa la kasri la Munich, na chumba cha Kituruki kwenye nyumba yake ya mlimani, Schachen. Katika Linderhof aliweka pia pango la Venus, lililojengwa kwa chuma na saruji na kuwashwa kwa umeme wa dinamo 24. Kioski kilikuwa jukwaa mojawapo kati ya majukwaa yake.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, liko nje, nalo ni lile kuba. Anayekuja Alhambra akiwa na picha ya Linderhof kichwani hushangaa kukuta mapaa ya vigae vyekundu yaliyoinama, kama ya nyumba ya mashambani. Makuba ya Granada yako ndani: mtu huingia ukumbini, hutazama juu, na hapo ndipo hukuta anga lote la mukarnasi, vipande maelfu vya jasi vinavyoning'inia kama masega ya asali. Nje hakuna kitu kinachotangaza hilo. Mbuni wa karne ya 19 hakuweza kuvumilia kimya hicho, kwa sababu pambo la bustani linatakiwa kuonekana kutoka mbali, kwenye njia, kati ya miti. Basi akalichukua kuba na kulitoa nje, akalipaka dhahabu, akaongeza vijinara, na kijumba cha kupumzikia kikapata sura ya msikiti. Jambo hili halikuishia Ulaya ya Kaskazini. Mwaka 1859 Rafael Contreras, aliyekuwa akitengeneza Alhambra yenyewe, aliondoa paa la kibanda cha mashariki katika Ua wa Simba na kuweka kuba la vigae vya rangi, ili jengo lifanane zaidi na Mashariki iliyokuwa imeanza kutarajiwa na wageni. Kuba hilo lilikaa hapo hadi katikati ya miaka ya 1930, Leopoldo Torres Balbás alipolitoa na kurudisha paa la vigae. Yaani nakala zilikuwa zimeenea kiasi kwamba jengo la asili lenyewe lilirekebishwa lifanane nazo.

Tofauti niliyoahidi kuifikia, basi, haiko kwenye kalibu. Iko kwenye kazi ambayo pambo linafanya. Katika Ua wa Simba maji huletwa kwa mfereji kutoka mto Darro, yanapanda hadi kwenye birika linalobebwa na simba 12 wa marumaru, kisha yanagawanyika na kutiririka katika vijito vinne hadi ndani ya kumbi. Ukingoni mwa birika kumechongwa beti za Ibn Zamrak, ambazo zinayafananisha maji na fedha iliyoyeyuka ikipita kati ya vito, hata mtazamaji asijue ni kipi kinachotiririka, maji au marumaru. Ukutani limerudiwa mara nyingi tamko la watawala wa Nasri, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Pambo linasomwa, linapooza hewa, linapima njia ya maji. Mtu aliyekulia Unguja au Lamu hulielewa jambo hili haraka, kwa kuwa amezoea kusimama mbele ya mlango wa zamani na kusoma juu yake aya ya Kurani na mwaka wa Hijria. Kwake yeye maandishi juu ya mlango ni maandishi, si shada la maua. Maandishi ya Kiarabu yalipoingia kwenye kalibu za viwanda vya Ulaya, mara nyingi yalikuwa yameshaacha kusomwa, na mchongaji aliyarudia kama anavyorudia jani, mara nyingine yakiwa yamekatika katikati ya neno.

Kuna ulinganisho mmoja ambao msomaji wa Kiswahili anaweza kuuleta na ambao sijaona ukiletwa na wengine. Katika mwaka uleule wa 1867, wakati kioski cha Diebitsch kikitazamwa Paris, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, Sayyida Salme, aliwasili Hamburg akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani. Mwaka uleule wa 1886 alipofariki Ludwig, Salme alichapisha mjini Berlin kumbukumbu za maisha yake, akieleza nyumba za kwao kwa watu ambao aliona wanaijua Mashariki kwa hadithi tu. Humo anaeleza benjile ya Mtoni. Lilikuwa banda kubwa la mviringo mbele ya kasri, karibu kabisa na bahari, sakafu, ukingo na paa lake lenye umbo la hema vyote vikiwa vya mbao zilizopakwa rangi. Vilikuwepo viti na darubini ya kutazamia vyombo vinavyoingia. Kahawa ilinywewa hapo mara kadhaa kwa siku, na hapo ndipo Sultani alipotembea huku na huko kwa saa nzima, akichechemea kwa jeraha la zamani la vita, kichwa ameinamisha, akiwaza. Uani walikuwepo tausi pia, hai, na mmoja wao alikuwa mkali hata watoto wakamvamia na kumnyofoa manyoya ya mkia.

Mtawala wa Kiarabu wa kweli, basi, alikuwa na kioski cha mbao zilizopakwa rangi, kisicho na kuba la dhahabu wala kiti cha enzi, kilichowekwa palipo na upepo. Tausi wake walikuwa na mavi na hasira. Mfalme wa Bavaria, aliyetaka kujihisi mtawala wa Mashariki, alihitaji tausi wa enameli. Silihesabu hilo kuwa dhambi yake. Ila ni kipimo kizuri: kioski cha Mtoni kiliamuliwa na bahari, joto na shughuli za mwenye nyumba, kioski cha Linderhof kiliamuliwa na jinsi kitakavyoonekana.

Sasa turudi kwenye Nyumba ya Kimoroko, ambayo ndiyo inayofanya kisa hiki kiwe zaidi ya hadithi ya mfalme na anasa zake. Ludwig aliinunua mwaka 1878 na kuisimamisha Stockalpe, malishoni karibu na mpaka wa Austria, mbali na kasri. Nayo aliipamba upya kwa ladha yake. Alipofariki aliacha madeni ya takriban marki milioni 14, na mnamo tarehe 1 Agosti 1886, wiki chache tu baada ya msiba, Linderhof ilifunguliwa kwa wananchi waliolipa kiingilio. Katika hesabu hiyo, kioski chenye kuba la dhahabu na tausi kilikuwa kivutio, kimesimama hatua chache kutoka njia ya wageni. Nyumba iliyoko malishoni haikuwa kivutio. Iliuzwa, ikahamishiwa Oberammergau, ikawa pambo la bustani ya mtu. Ni mwaka 1980 tu ambapo idara ya serikali ya Bavaria inayosimamia makasri iliinunua tena, ikaitengeneza kwa muda mrefu, na mwaka 1998 ikafunguliwa ndani ya bustani ya Linderhof, mahali ambapo haikuwahi kusimama wakati wa mfalme.

Mtu anaweza kuitetea hatua ya mwaka 1886 kwa sababu za fedha, na utetezi huo una uzito. Lakini kwa upande wa tathmini, warithi waliamua kwa kigezo cha fahari, na kigezo hicho kilipendelea nakala. Kazi iliyotoka katika nchi yenye mtindo huo, ambako mafundi wa mbao, jasi na zeliji (vigae vya kauri vya rangi) walikuwa bado wanaendelea na kazi ambayo baba zao walikuja nayo kutoka Andalusia, ilionekana haina la kuonyesha. Huo si upofu wa watu wa zamani peke yao. Katika soko la leo la mapambo ya bustani, meza ya Damasko iliyochakaa huweza kupita bila mnunuzi huku nakala yake ya Paris, iliyonyooka na kung'aa, ikigombewa.

Kwa anayetathmini kitu cha namna hii kwa mikono yake, kisa hiki kinaelekeza macho kwenye mambo ya kugusika. Sumaku hushika chuma na haishiki zinki, na tofauti hiyo peke yake mara nyingi hutosha kuliondoa jina la chuma cha kusubu ambalo muuzaji amelitoa kwa nia njema. Zinki huinama taratibu chini ya uzito wake yenyewe, kwa hiyo nguzo iliyopinda kiunoni au birika lililokaa upande huwa linaeleza umri wake kuliko kutu ya kupakwa. Na pale zinki ilipofungwa kwa misumari ya chuma, unyevu huila zinki kwanza. Tabaka za rangi hazipaswi kukwanguliwa kwa haraka, kwa sababu kwa pambo la zinki rangi haikuwa kifuniko, ilikuwa nusu ya kazi. Viungo vilivyopigwa namba upande wa ndani ni ishara ya kitu kilichotengenezwa ili kihamishwe, na si kasoro. Maandishi yasomwe na anayejua kuyasoma. Juu ya yote ifuatwe njia ya kitu: nani alikinunua, baada ya nani kufilisika, na aliongeza nini. Nusu duara ya Dollmann haikuwemo katika mpango wa Diebitsch, ila mtu atakayeiondoa leo ili kurudisha kioski cha 1867 atakuwa ameharibu chumba cha 1877 na hatapata chochote badala yake.

Ndiyo maana siafiki neno bandia linapotumiwa kwa Kioski cha Linderhof. Bandia ni kitu kinachodanganya kuhusu mahali kilipotoka, na kioski hiki hakikuwahi kuficha kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris na Mprussia aliyekuwa amependa Alhambra. Ni kazi halisi ya Berlin ya mwaka 1867 na ya Bavaria ya mwaka 1877. Kinachopaswa kurekebishwa ni mgao wa heshima kati yake na jirani yake wa Kimoroko, na marekebisho hayo yalianza pale mwaka 1980, si kwa maneno bali kwa kununua, kusafirisha na kukarabati.

Julai 2025 makasri ya Mfalme Ludwig, Linderhof likiwemo, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hadhi hiyo haibadilishi hali ya hewa ya bonde lenyewe, lililo karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari, ambapo theluji hukaa kwa miezi juu ya mbao, metali na vioo vilivyobuniwa kwa maonyesho ya majira ya joto. Kwa hiyo majengo ya bustani, kioski na Nyumba ya Kimoroko pamoja, hufungwa kila mwaka kuanzia Oktoba, na wageni huruhusiwa tena mwezi Aprili.